Hatua Kumi za Lugembe

Mtu mmoja, jina lake Lugembe, alikuwa na mikokoteni miwili ya ng'ombe na wana wawili, Mayunga na mdogo wake Shigela. Mkewe hakujaliwa wengine. Hao wakipotea, nyumba imefungwa.

Msimu wa pamba ukifika, mikokoteni ilitoka alfajiri kwenda kiwandani. Barabara siku zile ilikuwa ya vumbi jekundu, na ulisikia magurudumu yakilia mlimani kabla hujaona pembe. Watu walisalimiana, wakaulizana habari za wagonjwa, wakajibiwa hadi mwisho, na mkokoteni ukawa bado haujapita. Sisemi yalikuwa maisha mazuri. Tulikula vumbi na tulinuka ng'ombe. Lakini mtu alikuwa na nafasi ya kumaliza salamu.

Lugembe alikuwa na sheria moja. Kabla ya kuondoka alishuka, akapima kwa miguu yake hatua kumi, kutoka mkokoteni wa mbele hadi puani mwa ng'ombe wa nyuma. Aliwaambia wanawe kwamba lazima mtu aone, kisha aseme, kisha ng'ombe asikie, na mpaka hao wote wakubaliane, mkokoteni umeshatembea. Hatua kumi zilitosha. Ng'ombe alipiga moja, mbili, akasimama, na palibaki mahali pa kutemea mate.

Lugembe akafa. Wanawe wakauza ng'ombe, wakanunua malori mawili makuukuu, na serikali ikaleta lami. Shigela alikuwa kijana mwenye adabu. Kila safari alishuka kwenye lori lake, akahesabu hatua kumi hadi kwenye lori la kaka yake. Wapakiaji walimcheka: "Dereva, kiwanja hicho unamuuzia nani?" Wazee wakamsifu kwamba huyo ndiye mwana wa Lugembe hasa. Wote wakapanda, wakaondoka, na lami ikawapa mbio. Njia nzima Shigela alizishika zile kumi. Hakuongeza, hakupunguza.

Mchana mmoja mzee mwenye baiskeli ya mkaa alikata barabara bila kugeuza shingo. Mayunga, aliyekuwa mbele, akakanyaga breki, na mzee akapona. Nyuma yake Shigela aliona. Msiniambie alikuwa amelewa, wala msiniambie alisinzia. Macho yalikuwa wazi na breki zilikuwa nzima. Aliona taa nyekundu zikiwaka, akili ikaupa mguu habari, mguu ukainuka kwenda kwenye breki. Ni muda wa kusema "mama yangu" na kunyamaza. Katika muda huo ng'ombe angepiga hatua moja. Lori lilikula ishirini, kabla breki haijaguswa. Naye alikuwa na kumi.

Mayunga alimkuta amebanwa na usukani, pumzi inakuja kwa kuvutwa.

"Kaka, zilikuwa kumi. Nilihesabu."

"Ulihesabu sawa, mdogo wangu. Lakini baba alikuwa anaendesha ng'ombe."

Shigela alikufa kabla bati halijakatwa.

Matangani kila mtu alikuwa na maneno. Wengine walisema ni pombe, na marehemu hakuwahi kuionja. Wengine walisema ni laana ya kuuza ng'ombe wa baba, na hao ndio waliokula wali mwingi kuliko wote. Mama yake alikaa chini, akatazama mlango. Hakuna aliyesema neno moja la kweli: kwamba lami iliongeza mwendo wa gurudumu na haikuongeza mwendo wa jicho, na kwamba jicho la Shigela lilikuwa lilelile la baba yake.

Mimi nazikumbuka asubuhi zile za vumbi, na zikinijia huwa natabasamu. Hazirudi, na mkisimama kuzingoja mtagongwa. Basi nyinyi mnaojisifu kuwa mmezishika hatua za wazee wenu, mmewahi kuuliza walikuwa wakienda mwendo gani?