Hodi ya Mwana Tumu kwenye Kaburi la Nguzo

Paukwa!

Pakawa!

Wa mbele mmeitika, wa nyuma mnatafuna mahindi. Paukwa tena!

Pakawa!

Haya. Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa bado wanasema na watu, na watu bado wanasikiliza, palikuwa na mji uitwao Shungulo. Mji huo ulikuwa na makaburi ya kale yaliyozungukwa na ukuta wa mawe, na katikati yake lilisimama kaburi la nguzo, refu, limepasuka ubavuni. Ndani ya nguzo, watu walisema, unakaa mzimu wa Mwinyi Shali, mfalme aliyekufa kwa hasira. Hasira za nini? Hapo kila mtu alikuwa na lake. Wengine walisema mke, wengine walisema vita. Shehe Bwanamaka, aliyejiteua mwenyewe kuwa bawabu wa makaburi, alisema Mwinyi alikufa kwa kunyimwa pilau, na dawa yake basi inajulikana.

Ikawa kila Shaabani, mwezi wa kuzuru wafu, watu wa Shungulo wanaishia langoni. Wanaacha masinia, Shehe anayaingiza. Masinia yakitoka matupu, watu wanashika vifua: "Mwinyi kala!" Kanzu ya Shehe iling'aa mafuta kifuani, lakini nani atazame kanzu ya shehe?

Mwana Tumu aliitazama. Huyu alikuwa mshona mikeka, mwenye macho ya kuona ukili uliokosewa toka mbali. Mama yake alizikwa pale pale chini ya nguzo, na mwaka huo, alipochungulia juu ya ukuta, aliona kaburi la mama limetitia upande mmoja, limetoka shimo. Masika yalikuwa yananukia. Mvua ikinyesha juu ya shimo lile, mama angechukuliwa na maji.

Akamwendea Shehe. "Shehe wangu, niruhusu niingie nimjengee mama kaburi lake."

"Mwinyi hapendi wanawake."

"Mbona pilau yetu anaipenda?"

"Na hapendi maswali," alisema Shehe, akageuka kwenda zake.

Mwana Tumu akaingia bila ruhusa, mchana kweupe, na mawe yake kwenye kikapu. Alipokaribia, nguzo ikaguna: "Nani anakanyaga kifua changu? Nani? Nani?"

Mwana Tumu alikimbia. Msimcheke, nanyi mngekimbia. Alifika nyumbani na kiatu kimoja, akakaa kizingitini kujisuta.

Mara ya pili akaenda na bakuli la pilau. Nguzo ikaguna: "Nani anakanyaga kifua changu? Nani? Nani?"

"Mimi, Mwinyi. Nimekuletea chakula. Nipishe kwa mama yangu."

Akaliweka bakuli penye ufa, akarudi nyuma. Ndani pakasikika kutafuna, kisha sauti: "Haina karafuu. Ondoka!"

Aliondoka, lakini safari hii alitembea. Njia nzima aliwaza. Mfalme aliyelala udongoni miaka yote hiyo, haulizi habari za watoto wake, haulizi habari za mji wake, anauliza karafuu?

Mara ya tatu hakubeba chakula. Alisimama mbele ya ufa, akajitanda kanga vizuri, kama mtu aliyekwenda kutembelea jirani.

"Hodi!"

Kimya.

"Hodi!"

Ndani kitu kilikwaruza mawe.

Na nyinyi mnajua, hodi ni tatu. Ya tatu isipoitikiwa, mgeni mwenye adabu anageuka anakwenda zake.

"Hodi!" akaita Mwana Tumu, akageuka, akainua mguu.

Ndani ya nguzo mtu akashusha pumzi ya mateso. "Karibu," ikasema sauti. "Karibu ndani."

"Nishakaribia," alisema Mwana Tumu, akachungulia. Alikuwa kenge, mnene, wali umemganda kidevuni.

"We kenge! Wewe ndiye Mwinyi?"

"Jina mmenipa wenyewe," alisema Kenge. "Ningenyamaza tu, Mungu wangu! Lakini mama alitulea chini ya kizingiti cha nyumba ya watu. Hodi asubuhi, hodi jioni, karibu, karibu, karibu. Siwezi kuisikia nikanyamaza, tumbo linaniuma."

"Na Shehe anakujua?"

"Yule? Anatupa sinia penye ufa akitetemeka, na sinia lenyewe linafika nusu. Anawadanganya nyie, na mimi ananiogopa. Sijui anapata wapi usingizi."

"Na shimo la kwa mama yangu?"

Kenge akatazama chini. "Ule ni mlango wangu wa uani."

"Mlango wa uani! Ubavuni mwa mama yangu!"

"Mgeni nimeshamkaribisha, sasa nitamfukuza vipi?" alinung'unika Kenge. Akatoka, akafukia, naye Mwana Tumu akapanga mawe. Jua lilipoinama, kaburi lilikuwa limekaa sawa, limenyunyizwa maji yenye majani ya mrehani, na dua imesomwa.

Mwana Tumu akaenda barazani, akasema mbele za watu: "Ni kenge. Hakuna Mwinyi. Ni kenge anayejua adabu."

Watu wakamgeukia Shehe. Shehe akasimama, akainua kidole. "Mmesikia? Mwinyi amejigeuza kenge!"

"Ahaaa!" wakasema watu.

"Na amemkaribisha Mwana Tumu!" akasema mmoja.

"Amemkaribisha!" wakasema wote.

Mwana Tumu akaenda zake. Ukweli aliwapa, wakaupika walivyotaka. Lakini alfajiri wanawake wa Shungulo walikuwa langoni, kila mmoja na maji ya mrehani, wakaita: "Hodi! Hodi! Hodi!" Toka nguzoni sauti ya mnyonge ikamwitikia kila mmoja: "Karibu. Karibu. Karibu." Shehe angezuia kwa neno gani, na Mwinyi wake mwenyewe ndiye anayekaribisha?

Tangu siku hiyo kila mtu wa Shungulo huzuru wafu wake. Masinia hayaachwi tena langoni. Kila mgeni hupeleka lake mpaka ndani, nalo hufika zima. Mtu mmoja tu hajaingia mpaka leo. Shehe Bwanamaka husimama langoni na kanzu yake safi, na hodi hapigi, kwa kuogopa ataitikiwa.

Hadithi yangu imeishia hapo, mlangoni. Anayetaka kuingia, apige hodi.