Mluzi wa Mlima Isuwa

"Mpira mzee haungoji kilele." Fundi kamwambia dereva maneno hayo hapo nje, nanyi vijana mmecheka, mkadhani ni maneno ya gereji tu. Hebu kaeni. Methali hii ilianza hivi.

Palikuwa na dereva aitwaye Lwitiko, mwenye lori kuukuu la kubeba mbao katika mlima Isuwa. Asubuhi moja, injini ikiwa bado baridi, fundi Kihwele aliubonyeza mpira wa juu wa rejeta, ule unaopitisha maji ya moto kutoka kwenye injini. Kidole kikazama.

"Umelainika kama papai bivu," akasema. "Ubadilishe kabla hujapanda."

"Unavuja?"

"Bado."

"Basi ukivuja nitakuja."

Sikio la kufa halisikii dawa.

Sasa, mlimani palikuwa na kona alipofia dereva mmoja, Mwasomola. Kila dereva aliyepita alitupa jiwe pale kumwomba njia, hata likawa lundo kubwa. Wiki ile, kila alipokaribia kona, Lwitiko alianza kusikia mluzi mwembamba, kama mtu anayepuliza hewa katikati ya meno. Akishuka upande wa pili, unakoma. Nywele zilimsimama. Badala ya kufunua boneti, alitupa mawe mawili, akapita.

Siku moja alimpakia mama yake, Tulinagwe, aliyekuwa akienda kumwona binti yake aliyejifungua. Ukungu ulikuwa mzito, taa zinawaka asubuhi. Mluzi ukaanza.

"Nani huyo?" mama akauliza.

"Ni Mwasomola, mama. Usimwitikie."

Walipofika kwenye kona Lwitiko akatupa jiwe lake. Wakapita. Mama alitega sikio kwa muda, halafu akasema polepole:

"Mwanangu, kona tumeiacha nyuma. Huyu hayuko barabarani. Tunakwenda naye."

 Kabla Lwitiko hajajibu, kitu kilipasuka mbele yao na mvuke mweupe ukafunika kioo chote. Injini ikakohoa, ikazima. Breki, zilizotegemea upepo wa injini, zikaisha nguvu. Lori likaanza kurudi nyuma, taratibu, na huko nyuma kulikuwa na korongo.

"Ruka, mama!"

"Mlango haufunguki!"

Lwitiko naye hakuruka. Aling'ang'ania usukani huku analia kama mtoto, "Mama nisamehe, mama nisamehe."

Kikasikika kishindo, lori likasimama. Tairi za nyuma zilikuwa zimepanda lile lundo la mawe la kwenye kona.

Kihwele alipofika na mpira mpya, aliupasua ule wa zamani kwa kisu. Nje uling'aa, ndani ulikuwa umeoza, unameguka. Kando ya ufa palikuwa na alama ya kidole gumba, imezama.

"Hapa ndipo ulipobonyeza," Lwitiko akasema.

"Mimi nilibonyeza kule mwisho, kwenye klipu inayoubana. Hapo sikugusa."

 Mama Tulinagwe aliokota jiwe, akaliweka juu ya lundo kwa mikono miwili. "Ahsante, baba Mwasomola," akasema. "Kumbe hukuwa unadai mawe. Ulikuwa unamwonya mwanangu."

Tangu hapo madereva wa Isuwa hubonyeza mpira kwanza, injini ikiwa baridi, ndipo hutupa jiwe. Uliolainika huubadilisha palepale, hawasubiri uvuje. Na kama kuna anayebisha, mama yule humwonyesha lile korongo kwa kidole, akamwambia: mpira mzee haungoji kilele.