Kona ya Kumi na Moja

Hapo zamani, na hii si zamani ya sungura na fisi, ni zamani ya juzi tu, magari yalikuwepo na umeme ulikuwa ukikatika kama sasa, katika mji mdogo wa milimani uitwao Kivindani aliishi dereva wa lori. Jina lake Eliesikia, watu wakamwita Eli. Miaka ishirini na sita alipandisha mbolea na kushusha tangawizi, wala hakuwahi kugonga hata kuku. Siku moja mvua ikanyesha, ukingo wa barabara ukameguka, lori likalala ubavu. Eli akatolewa ndani akiwa hai, mguu wa kulia umevunjika mahali pawili, na goti likiwa mahali pamojawapo.

Alikuwa hai. Mke wake, Nakiete, alishukuru kwa hilo kabla ya mengine yote.

Hospitalini wakamfunga plasta, muda ulipofika wakaifungua, wakampa magongo mawili. Daktari wa mazoezi akasema, "Mama, goti hili likunjwe kila siku, mara ishirini asubuhi, mara ishirini jioni. Na yeye mwenyewe asimame, atembee. Nawapa miezi mitatu. Ikipita hajasimama, litaganda kama bawaba yenye kutu, na mimi sina mafuta ya kulilainisha."

Eli akarudi nyumbani, akapanda kitandani, akageukia ukutani. Magongo yakaegeshwa pembeni, asiyaguse.

"Simama kidogo, Baba Naelijwa," mkewe akamwambia.

"Nisimame niende wapi?"

Basi. Mwezi mzima hakusema neno jingine la maana. Nakiete akalikunja goti, akahesabu hadi ishirini, akarudi jikoni.

Walikuwa na binti mmoja, Naelijwa, mwalimu wa Jiografia katika shule ya sekondari. Mwezi ulipokwisha akaja Jumamosi na ramani ya kufundishia, ile karatasi kubwa yenye barabara, mito na mistari ya miinuko. Akaitandaza juu ya blanketi, kwenye miguu ya baba yake, kana kwamba ile ni meza.

"Baba, wanafunzi wangu wananitesa. Nikiwaonyesha mistari iliyobanana, yaani mlima mkali, wananiandikia ni mto. Wanachoelewa ni mpira na magari. Nichoree mashindano ya magari humu humu Kivindani. Yaanzie sokoni, yazunguke, yarudi sokoni. Nitawafundishia hayo."

Eli akatazama ukuta.

Naelijwa hakubembeleza. Akaacha ramani palepale, akaweka penseli juu yake, akaenda kumsaidia mama yake kuchambua mchele.

Siku ya kwanza ramani ikakaa. Siku ya pili ikakaa. Siku ya tatu asubuhi Nakiete akaingia kulikunja goti, akaikuta penseli mkononi mwa mumewe.

"Subiri," Eli akasema. "Usiitikise karatasi. Niko kwenye mteremko wa kanisa."

Nakiete akasubiri mpaka gari lisilokuwepo likamaliza mteremko. Kisha akalikunja goti, akahesabu hadi ishirini, akarudi jikoni. Siku hiyo alisimama kidogo mlangoni kabla ya kuondoka.

Mjini hapakuwa na gari hata moja la mashindano. Jambo hilo halikumsumbua Eli. Alichora mzunguko wenye kona kumi na moja, kila moja kwenye barabara ya kweli, na kila moja akaipa jina. Ya kwanza, Kona ya Ghala. Ya nne, Kona ya Kengele. Ya saba, ile inayojikunja mpaka inaona mgongo wake, akaiita Kona ya Mama Mkwe, "kwa sababu unaingia kwa mbwembwe, unatoka kwa heshima." Nakiete akasikia, na chai ya siku hiyo haikuwa na sukari.

Ya kumi na moja ilikuwa kwenye josho la zamani la kuogeshea ng'ombe, hatua mia nne kutoka nyumbani kwao. Hiyo hakuipa jina.

"Hii ndiyo inayoamua mbio," alisema. "Ukiitoka vizuri, soko hili hapa, umeshinda. Jina lake bado silijui."

Sasa, Eli alikuwa na utingo wake, Kiangi, mtu mzima mwenye wajukuu, aliyepanda naye lori miaka kumi na tisa. Siku ya ajali hakuwemo, alikuwa msibani, na kutokuwemo huko kulimkaa kooni. Kila siku alikuja, akakaa ukingoni mwa kitanda, akakosa la kusema. Siku aliyoiona ramani akapata.

"Suka," akasema, kama utingo anavyomwita dereva wake, "hapa kwenye ghala magari mawili yatapishana?"

"Ndilo ninalojiuliza. Ramani haisemi upana."

"Ramani ina miguu? Mimi ninayo."

Kiangi akachukua kamba, akaipiga mafundo. Akaazima kwa Nakiete mikebe kumi na mmoja ya maziwa ya unga. Akaenda kona hadi kona, mvua na jua, akapima upana kwa kamba na mteremko kwa kuviringisha tairi bovu, na kila kona akachota udongo wake. Kila mkebe akauandika namba.

Eli akatia mkono katika mkebe mmoja, akachota udongo, akausugua kati ya vidole. "Hapa tairi litashika," akasema. Akatia mkono katika mkebe mwingine. "Hapa litakuaga." Mkebe wa kumi na moja ulikuwa na udongo mwekundu wenye vipande vyeupe vya chokaa ya josho. Huo aliuweka karibu na mto wa kulalia.

Nyumba ikachangamka. Eli akala. Eli akacheka. Eli na Kiangi wakagombana juu ya breki mpaka majirani wakauliza kuna nini. Siku arobaini zilipita hivyo, na kwa kila moja Nakiete alishukuru.

Lakini Eli alikuwa amelala. Alichora amelala, akacheka amelala, akashinda mbio zote amelala. Buibui akafunga utando kati ya gongo na gongo. Nakiete akaufuta, buibui akafunga mwingine.

"Baba Naelijwa, zimebaki siku tisa."

"Niache kwanza, niko kwenye Mama Mkwe."

Nakiete akalikunja goti, akahesabu hadi ishirini, akarudi jikoni.

Ndipo akaja Shangazi Nakunda, dada mkubwa wa Eli, mwanamke ambaye hata kunong'ona kwake kunasikika ng'ambo ya bonde. Akasalimia, akakaa, akaivuta ramani.

"Hii iliyojipinda hapa nini?"

"Kona ya kumi na moja, dada. Pale joshoni."

"Josho lipi? Mbona pamenyooshwa? Katapila lilikuja wiki iliyopita, likafukia kila kitu. Barabara sasa imenyooka kama rula."

"Haiwezekani."

"Wewe umelala, Eli. Dunia haikulala." Akachukua kalamu nyekundu ya Naelijwa, akaikata ile kona kwa mkwaju mmoja, chwaa!

Eli akainuka nusu. "Dada, usiguse! Kona ipo. Udongo wake huu hapa, una chokaa ya josho."

"Udongo! Kiangi kakuchotea nyuma ya choo chake. Utajuaje? Ulitoka ukaona?"

"Naujua udongo wa pale! Kona ipo!"

"Basi njoo unionyeshe. Nakusubiri hapohapo palipokuwa na kona." Akajifunga khanga, akatoka.

Kisha sauti ikatoka chumbani, ile ya zamani, ya kuita watu walioko nyuma ya lori.

"Mama Naelijwa! Magongo!"

Nakiete aliacha maharage motoni, akampa magongo. Eli akasimama, akaanguka kitandani. Akasimama tena, akaanguka tena. Mara ya tatu akasimama, goti likakunjika, likanyooka, likambeba.

Hatua mia nne zilichukua saa nzima. Eli mbele, jasho likimtiririka, akimtukana dada yake kwa heshima. Nyuma yake Kiangi, aliyekuwa amefika kama kila siku, akiwa na jiwe mkononi kwa mazoea ya kuzuia tairi, kama vile suka akirudi nyuma kwenye kilima ataliweka kisiginoni. Nyuma ya Kiangi alikuwa Nakiete na kigoda, kila hatua hamsini akikiweka chini, Eli akaketi, kisha akakiinua.

Wakafika. Kona ipo, imejipinda vilevile, ukuta wa josho upo, na juu ya ukuta ameketi Shangazi Nakunda anamenya muwa.

"Kona ipo!" Eli akapiga kelele. "Mwongo mkubwa wewe!"

"Ipo ndiyo. Nimechunga ng'ombe hapa kabla hujazaliwa. Karibu muwa."

Eli akacheka mpaka magongo yakatetemeka. Kisha akapiga gongo chini, akasema mbele ya wote waliokuwa wamefuata, "Kona hii itaitwa kwa jina la mtu aliyenitoa kitandani."

Akarudi nyumbani kwa miguu. Kesho yake akatoka tena, na kesho kutwa.

Miezi mitatu ilipotimia wakaenda hospitali. Waliomsindikiza Eli walikuwa watatu, na Nakiete wa nne, amebeba chakula. Daktari wa mazoezi akalishika goti, akalikunja, akalinyoosha, akashangaa.

"Goti zuri! Nani amelihangaikia hivi?"

"Mimi," akasema Naelijwa.

"Mimi," akasema Kiangi.

"Mimi," akasema Shangazi Nakunda.

Wakasema kwa pamoja. Nakiete wakati huo alikuwa dirishani anachukua kadi. Wale watatu wakatazamana, na ugomvi ukaanzia hapo.

"Nisiposema nitapasuka," akasema Naelijwa. "Baba alikuwa ukutani. Mwezi mzima ukutani! Nani alileta ramani? Bila ramani hakuna mzunguko, bila mzunguko hakuna kona. Mjomba Kiangi angepima nini? Shangazi angedanganya juu ya nini? Kona ni yangu."

"Mwalimu, ramani yako ilimfanya achore," akajibu shangazi yake. "Achore amelala! Ungemwachia angechora mpaka Nairobi hajavaa viatu."

Kiangi akakohoa. "Mimi si msomi. Lakini mjiulize, dada Nakunda aliposema kona haipo, kwa nini suka hakuamini? Angeweza kusema, haya, imefukiwa, na akageukia ukuta. Hakuamini kwa sababu alikuwa na udongo wake chini ya pua. Mkebe wangu ndio uliomwambia dada ni mwongo. Na kona zote kumi na moja nilizitembea kwa miguu hii, kwenye mvua. Kona ni yangu."

"Na wewe ulimletea dunia nzima kitandani kwa mikebe!" akasema Nakunda. "Mtu akiletewa barabara chumbani atoke kufuata nini? Siku arobaini mlimfurahisha. Nani alimkasirisha? Mimi. Hasira ndiyo iliyosimama. Kona ni yangu."

"Lakini shangazi, ulidanganya," akasema Naelijwa. "Angeanguka njiani akavunjika upya, je? Uongo unapewa kona?"

"Uongo nitauzungumza na Mungu mwenyewe, ananifahamu. Kona niachieni."

Eli akawasikiliza mpaka nyumbani. Majirani wakamwambia, basi wape wote watatu. Akakataa. "Kona haina majina matatu. Mtangazaji akimaliza kuyataja, gari limeshafika sokoni. Na zile kumi zina majina yake tayari, jina la kona halifutwi."

Ramani ikatandazwa mezani. Pale pembeni ya josho palikuwa na nafasi ya neno moja. Eli akashika kalamu, akaiinua, akaitua. Akamtazama binti yake, akamtazama utingo wake, akamtazama dada yake. Akashindwa. Akampa mkewe kalamu.

"Mama Naelijwa, wewe huna upande. Andika wewe."

Nakiete akafuta mikono kwenye khanga, akaitazama kalamu.

"Mimi nawashukuru," akasema. "Naelijwa mwanangu, nashukuru. Kiangi, nashukuru, na mikebe yangu uirudishe. Wifi, nashukuru, ila siku nyingine ukitaka kudanganya unitonye mapema, siku ile maharage yaliungua yote. Mume wangu anatembea. Mimi lililobaki sina haja nalo, na jioni imeshafika."

Akaweka kalamu juu ya ramani. Akamwambia Eli anyooshe mguu. Akalikunja goti, akahesabu hadi ishirini, akarudi jikoni.

Kalamu iko palepale mezani, na nafasi ya neno moja iko tupu mpaka leo. Eli anatembea, anapita joshoni kila siku, na kila akipita anasimama kidogo kwa sababu hajui pale panaitwaje.

Basi nyinyi mliokaa mkanisikiliza, binti alileta ramani, utingo akaleta udongo, shangazi akaleta hasira, na yote mmeyasikia tangu mwanzo. Je, kona ya kumi na moja iandikwe jina la nani?