Mkia wa Kondoo wa Mama Wakesho

Hapo kale, wajukuu zangu, kale ambayo hata kale wenzake walimwita babu. Milima yetu ilikuwa bado laini, na kinyonga alikuwa bado anajaribu rangi yake ya kwanza. Mpo? Semeni mpo. Haya, sogeeni, na wewe uliyekalia mguu wa mwenzio, uachie.

Alikuwepo msichana aitwaye Mghoi. Mghoi alikuwa mtu wa kupima mambo. Akifagia uwanja, alimaliza, akaenda, akarudi kuhakikisha kwamba amefagia. Akifunga mlango, aliufungua ili aone kama ulikuwa umefungwa. Msicheke, wapo hata humu.

Basi Mghoi alichumbiwa na kijana Ngeti, mtoto wa Mama Wakesho. Na desturi ya huko ilikuwa hivi: mama wa bwana arusi alichinja kondoo mapema, nyama ikaliwa na wageni, lakini mkia, ule mkia mnene uliojaa mafuta, ulitundikwa juu ya meko ukaushwe kwa moshi. Siku ya arusi mama mkwe na mkwe wake waliuma mkia mmoja, huyu kutoka huku, yule kutoka kule, ili midomo yao isije ikagombana maisha yao yote. Bila mkia, hakuna arusi.

Siku moja Mghoi alikwenda kumsalimu Mama Wakesho. Mama Wakesho akamwambia, "Mwanangu, niletee ungo, uko ndani karibu na meko." Mghoi akaingia. Akauona ungo. Akauona na mkia. Unang'aa! Unanukia! Unadondosha mafuta, to, to, to!

Akasema moyoni, "Nitalamba tu." Akalamba.

Akasema, "Nitauma pembeni kidogo." Akauma.

Sasa akautazama, akaona upande mmoja umekuwa mfupi. Na Mghoi hakuweza kuvumilia kitu kilichopinda. Akauma upande wa pili ili usawazike. Ala! Huu nao umezidi kuwa mfupi! Akarudi upande wa kwanza. Akasawazisha, akasawazisha, akasawazisha, mpaka mkia ukawa sawa kabisa. Hakuna mkia.

Maskini, jasho likamtoka. Akaona kibuyu kidogo kikavu pembeni. Akakipaka mafuta yaliyobaki vidoleni, akakipaka masizi, akakifanyia hili na lile, akakitundika pale pale. Akatoka na ungo. "Mbona umekawia, mwanangu?" "Nilikuwa naufuta vumbi, mama."

Tangu hapo hakulala vizuri. Mama mkwe atauma kibuyu! Meno yatatoka! Arusi itavunjika! Akimwona Ngeti njiani alijificha nyuma ya migomba, na Ngeti akadhani ni haya ya mchumba, akampenda zaidi.

Siku ya kubariki arusi ikafika. Mwenye kubariki alikuwa Mzee Righa, mkubwa wa ukoo, na hakuna aliyeruhusiwa kubariki isipokuwa yeye. Akainua mikono. "Mungu awape watoto wenye afya na kwik!"

Kwikwi, wajukuu zangu. Akarudia. "Awape mbuzi wengi na kwik!" Wakampa maji, kwik! Wakambana pua, kwik! Nani anataka kubarikiwa mbuzi wengi na kwik?

Wazee wakasema, "Yuko mtu hapa amefungia kosa moyoni. Kosa limekosa mlango, linapigapiga kifua cha Mzee. Leo lazima tutase."

Kutasa kulikuwa hivi: aliyekosa anasema kosa lake, anachukua pombe ya muwa mdomoni, anaipuliza chini, pfuuu! Kosa limetoka. Na aliyekosewa naye anachukua, anapuliza, pfuuu! Hasira imetoka. Lakini ukimeza, umelirudisha tumboni, kosa au hasira. Umeelewa, wewe wa nyuma? Ukipuliza, limetoka. Ukimeza, limerudi.

Watu wakaanza. "Mimi nilimwambia jirani mtoto wake mzuri, kumbe sivyo." Pfuuu! "Mimi husinzia kwenye maombi ya mvua." Pfuuu! Mzee Righa: kwik!

Akasimama Mwandawiro, mjomba wake Mghoi, ambaye koo lake lilikuwa halijui kurudisha kitu. "Niliiba ndizi." Akachukua pombe. Gudu! Amemeza.

"Mwandawiro!"

"Imeteleza, jamani. Nipeni nyingine."

Akakiri tena, gudu! Akakiri lingine, gudu! Makosa yakamwishia. Akakiri kwamba alimsumbua mama yake kwa kuzaliwa siku ya palizi. Gudu! Akakiri kwamba aliwahi kumtazama mbuzi kwa dharau. Gudu! Mwisho, akitafutatafuta kosa jipya, akapayuka, "Na mkia wa Mama Wakesho nimeula mimi!"

Mghoi akapima kwa macho umbali wa kufika kwenye migomba.

"Mkia wangu uko mahali pake," akasema Mama Wakesho.

"Basi nimesema uongo. Nipeni nitubu uongo."

Lakini Mama Wakesho akaingia ndani, akatoka nao, akaugonga kwa kidole. Ko, ko, ko. Mkia wa kondoo haujibu hodi.

Pakawaka! Wakamkamata Mwandawiro, wakatoa hukumu pale pale: hataonja pombe ya muwa mpaka siku ya kuzikwa kwake. Mwandawiro akatoa macho. Kisha akaanza kulia. "Kumbe niliula kweli! Kuna siku nililala na njaa nikaamka nimeshiba. Sasa naelewa!"

Sasa tazameni, wajukuu zangu. Mghoi ameokoka. Kosa limepata mwenyewe, tena analililia. Ngeti anamtabasamia kutoka upande wa pili. Ni kunyamaza tu. Kunyamaza ni kazi? Lakini akamtazama mjomba wake, yule aliyembeba mabegani akiwa mtoto, anafuta machozi kwa mikono yote miwili. Akasimama.

"Mama," akasema, "ni mimi."

Watu wakacheka. "Mtoto mwema huyu! Anataka kumwokoa mjomba!"

"Kaa chini, mwanangu," Mwandawiro akasema. "Maisha yangu yote sijafanya jambo kubwa. Usininyang'anye hili."

"Mjomba, hukuula! Wewe kibuyu ungekitundika kichwa chini. Tena humo ndani kuna mchanga, nilitia ili uzito ulingane. Nikauchekecha kwanza, kokoto zisije zikalia."

Wakakivunja. Mchanga ukamwagika, mwororo kama unga, hauna hata kokoto moja. Hapo hakuna aliyebisha. Nani mwingine angechekecha mchanga wa kuficha wizi?

Mghoi akachukua pombe, akapuliza. Pfuuu! Lake limetoka. Ikabaki zamu ya aliyekosewa.

Mama Wakesho akajaza mdomo. Mashavu yakavimba kama chura. Akipuliza, arusi ipo. Akimeza, arusi haipo. Akamtazama Mghoi. Akautazama mchanga. Akamtazama Mghoi. Koo likaanza kusogea, polepole, linashuka. Ngeti akafumba macho. Mzee Righa akainama karibu kabisa, aone vizuri, na hapo hapo ikamtoka moja, kubwa kuliko zote: KWIK!

Mama Wakesho akashindwa. Kicheko kikapasuka. PFUUU! Pombe yote usoni kwa Mzee.

"Haihesabiki!" akapiga kelele. "Nilikuwa nameza! Liulizeni koo langu!"

Mzee Righa akajifuta ndevu. "Wakesho, koo halitoi ushahidi. Kilichotoka kimetoka." Kisha akashtuka. Watu wakashtuka. Maneno yote yametoka mazima! Kwa hofu kwikwi isirudi, akaanza kubariki mbio mbio: akabariki bwana arusi, bibi arusi, mbuzi, meko, hata Mama Wakesho aliyekuwa amekunja mikono hataki.

Watu walipoanza ngoma, Mama Wakesho akamvuta Mghoi kando. "Ulikuwa mtamu?"

"Sana, mama. Hasa katikati."

"Na mimi nimeukausha wote ule sijaonja hata kidogo." Akakaa kwenye kigoda. "Basi nihadithie. Anzia pembeni. Ole wako uruke kitu."

Mghoi akakaa, akamweleza. Na mnamjua Mghoi: hakuruka tone. Alipofika kwenye mafuta ya ndani, Mama Wakesho alikuwa amefumba macho na kulamba vidole vitupu. Alipomaliza, Mama Wakesho akashusha pumzi na kusema, "Sasa nimeshiba. Mkia tumeuma sote wawili, wewe kwa meno, mimi kwa masikio. Twende tukacheze, mwanangu."

Basi, wajukuu zangu, kosa lako litaje mwenyewe, usimwachie mwingine, hata akililia. Na litaje lote, usile katikati.

Utamu wa kisa nimewapa nyinyi. Mfupa mpelekeeni mbwa. Mimi mdomo wangu umekauka, naomba maji, na nitameza.