Ukuta wa Mama Wakesho

Hebu vuta picha, mwanangu: mteremko mkali huko Taita. Juu kuna zizi la tajiri Mwakitawa. Chini yake Mama Wakesho amekata udongo apate mahali tambarare pa kujenga kibanda cha majembe, naye anapanga ukuta wa mawe kuuzuia udongo usiporomoke. Ukuta ulipofika kiunoni, mawe yakamwishia.

Mwakitawa akashuka na vibarua wake.

“Mawe haya umeyaokota kijitoni, na kijito kinapita kwangu. Nayataka yote leo!”

“Yachukue, mzee wangu. Anzeni na ya chini, ndiyo makubwa.”

Vibarua waliling'oa jiwe la kwanza. Udongo ukamwagika, na huko juu nguzo ya zizi ikainama. Ng'ombe wakalia.

“Rudisheni! Rudisheni upesi!” Mwakitawa alipiga kelele. “Mama Wakesho, zizi langu linaanguka!”

“Pole, mzee. Nilidhani shida yako ni mawe.”

Kufikia jioni, vibarua walikuwa wamebeba mawe mengine kutoka kijitoni na kuumaliza ukuta wote.

Mwanangu, kumbuka jambo moja tu: shamba la Mama Wakesho lilikuwa kubwa, na mahali pa kuchimba alipachagua mwenyewe.