Nguchiro na Wachora Vibuyu

Paukwa! Nanyi mkiitika pakawa, mwitikie kwa sauti, maana hadithi haimwendei aliyesinzia. Sogezeni kuni ndani kidogo, moshi huu unanifuata mimi peke yangu. Haya.

Zamani hizo, mabonde haya yakiwa bado hayajalimwa, watu na wanyama walisemezana kama tunavyosemezana sisi hapa. Katika nchi ya vilima waliishi wachora vibuyu. Hawakuwa kijiji kimoja wala ukoo mmoja. Huyu alikaa huku, yule kule, kati yao mito na misitu, na hawakuwa wamewahi kuonana kwa macho. Walijuana kwa kazi zao tu.

Aliyewaunganisha alikuwa Korongo, ndege mwenye mbawa ndefu na mfuko wa kamba shingoni. Akipita kwako, unampa kibuyu ulichokichora. Anakipeleka kwa mwenzako, mwenzako anakigeuza huku na huku, anakaa nacho, kisha anakirudisha pamoja na neno. Korongo hakusahau neno hata moja. Basi vibuyu vikazunguka, na maneno yakazunguka.

Kwenye kilima cha mashariki aliishi mwanamke aitwaye Nyamizi. Yeye alichora kwa msumari uliopashwa moto. Kwenye kilima cha mawe aliishi Mama Kakakuona, aliyechora kwa ukucha wake, polepole sana, kibuyu kimoja kwa msimu mzima. Ng'ambo ya mto aliishi Bwana Nungunungu, mwenye maneno machache, aliyechora kwa mwiba aliouchomoa mgongoni kwake mwenyewe. Walikuwapo na wengine, lakini hawa watatu ndio niliosimuliwa.

Nyamizi alipoanza hakujua kuchora mlima. Milima yake ilikaa kama mikate. Alimwomba Mama Kakakuona amfundishe, naye akamtumia kibuyu kitupu chenye mstari mmoja tu, na ujumbe kwamba aanze na kivuli, mlima utakuja wenyewe. Nyamizi akajaribu, akaharibu, akajaribu tena. Siku mlima uliposimama, alicheka peke yake uani mpaka kuku wakakimbia.

Kitu kimoja hakufundishwa na Kakakuona. Nyamizi alikuwa na mdogo wake, Sizya, ambaye alifariki akiwa msichana. Sizya alikuwa akichora samaki waliogeuza vichwa nyuma. Aliamini samaki huwa anaangalia kama wenzake wanamfuata. Tangu azikwe, Nyamizi alichora samaki namna hiyo katika kila kibuyu chake. Wachoraji wote walikijua kisa hicho, na hakuna aliyemgusa samaki yule. Hawakukatazwa. Walijua tu ni wa nani.

Sasa, kando ya mto aliishi Nguchiro. Nguchiro hakuwa mchoraji. Korongo alizoea kupumzika kwake akitoka safari, na Nguchiro alipenda sana kuvitazama vibuyu vilivyokuwa mfukoni. Alisikia maneno ya sifa yakipelekwa kwa wengine, na moyoni akatamani moja lije kwake. Siku moja akapita mfanyabiashara kutoka nyuma ya milima, akiuza chungu. Alimwambia Nguchiro kwamba chungu kile kikionjeshwa vibuyu vilivyochorwa, hutoa vingine vilivyochorwa vilevile, bila mkono wa mtu. Nguchiro akakinunua.

Tangu siku ile, Korongo akilala usingizi wa mchana, Nguchiro alichukua kibuyu mfukoni, akakitumbukiza, akakitoa kikiwa kizima kabisa, akakirudisha. Cha Nyamizi akakitumbukiza. Cha Kakakuona akakitumbukiza. Cha Nungunungu akakitumbukiza. Hakumwuliza yeyote.

Kisha chungu kikaanza kutoa. Kilitoa vibuyu vyenye milima, vibuyu vyenye ndege, vibuyu vinavyong'aa kama vimepakwa mafuta. Nguchiro akampa Korongo avipeleke, akisema ni vyake. Mwanzoni watu walifurahi. Walimtumia salamu, wakamkaribisha, wakamwuliza amejifunzia wapi. Nguchiro akajibu kwamba anajaribu tu. Na kwa kuwa sifa ni tamu, akatoa vingi zaidi, na zaidi, na zaidi.

Mfuko wa Korongo ukajaa mpaka kamba zikakata shingo yake. Vibuyu vya Nguchiro vilikaa juu, vya wengine vikazama chini. Kile kimoja cha Mama Kakakuona, cha msimu mzima, kilizunguka nchi nzima na kurudi bila mtu kukiona. Mama Kakakuona alikipokea, akakiweka nyuma ya jiwe, na hakuanza kingine.

Siku hiyohiyo, au karibu yake, Nyamizi alipokea kibuyu cha Nguchiro. Kilikuwa na mti mkubwa, na juu ya matawi walikaa samaki wamegeuza vichwa nyuma. Nyamizi alikaa chini. Hakulia, ila alikishika kibuyu kile muda mrefu, msumari wake ukapoa.

Akamwambia Korongo, "Mwulize Nguchiro, samaki hawa wanamwangalia nani?"

Korongo akaenda, akarudi na jibu kwamba ni samaki wazuri tu. Nyamizi akamtuma tena: mwulize, wanamwangalia nani? Korongo akarudi na jibu kwamba kama hawapendi samaki, anavyo vingine vingi, achague. Nyamizi akamtuma mara ya tatu: mwulize, wanamwangalia nani? Safari hiyo Korongo alirudi bila jibu, lakini alirudi na habari. Alikuwa amejifanya kulala, akakiona chungu.

Habari ikaenea kilima kwa kilima. Na hapo ndipo mambo yalipoharibika kuliko mwanzo, kwa sababu sasa kila mtu alimshuku mwenzake. Bwana Nungunungu alikuwa amemaliza kibuyu kilichomshinda tangu ujana, kundi la tembo wakivuka mto, kila ngozi na mikunjo yake. Aliwatumia wenzake kwa furaha. Neno lililorudi lilikuwa moja: chungu chako kizuri kuliko cha Nguchiro.

Nungunungu alikata mwiba wake vipande viwili, akautupa mtoni.

Nyamizi aliposikia hayo alifunga kibwebwe, akashuka kilimani kwa miguu. Alipitia kwa Mama Kakakuona, akapitia kwa Nungunungu, akawaomba wafuatane naye kwenda kwa Nguchiro. Hiyo ndiyo ilikuwa mara yao ya kwanza kuonana. Nyamizi, ambaye miaka yote alimfikiria Mama Kakakuona kuwa mkubwa kama milima yake, alimkuta ni mdogo wa kubebeka mkononi. Naye Kakakuona alikiri kwamba alidhani Nyamizi ni bibi kizee. Wakacheka, hata Nungunungu kidogo, ijapokuwa alikuwa amenuna.

Walimkuta Nguchiro kando ya chungu chake, na Kwale naye yupo na vifaranga vyake, amekuja kuchukua kibuyu. Nguchiro alijitetea vizuri. Alisema hakuiba, maana kila kibuyu alikirudisha kizima. Alisema chungu kimejifunza kwa kutazama, kama wao walivyojifunza. Kwale akamuunga mkono, akaeleza kwamba yeye ana watoto wengi, hana nafasi ya kushika kisu, na vibuyu vya chungu vinampendeza.

Nyamizi alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Mimi nilijifunza kwa Mama Kakakuona. Nilimwomba, akanikubalia, na nikichora mlima namtaja jina. Chungu chako kilimwomba nani? Samaki yule ni wa mdogo wangu. Ungeniuliza, ningekusimulia habari zake, na pengine ningekwambia mchore. Hukuuliza."

Nguchiro akakigeukia chungu chake.

Bwana Nungunungu naye, ambaye huwa hasemi, akasema, "Mimi sikuchukuliwa kibuyu. Nimechukuliwa kuaminiwa. Kuaminiwa huko utanirudishiaje?"

Nguchiro akamtazama Kwale, Kwale akatazama vifaranga vyake. Kisha Nguchiro akasema kwa sauti ndogo kwamba alitaka tu naye atumiwe neno.

Aliyeamua ni Korongo, maana mfuko ni wake na shingo ni yake. Alisema Nguchiro abaki na chungu chake, na anayetaka kibuyu cha chungu amfuate hapo mtoni akichukue, si ugomvi. Ila mfuko hautabeba tena kitu ambacho aliyekituma hakukifanya. Na mtu akiwa na shaka na kazi ya mwenzake, asitupe maneno; aulize imefanywaje, mwenyewe atamweleza. Wote wakakubali. Kwale pia akakubali, akaondoka na kibuyu chake cha kuchotea maji, ameridhika.

Jioni hiyo hawakurudi makwao upesi. Nungunungu aliwaonyesha wale tembo ana kwa ana, akawaeleza jinsi mguu wa tembo mdogo ulivyomtesa, wapi alikosea, wapi alikwangua akaanza upya. Mama Kakakuona aliupitisha ukucha juu ya ile mikunjo, akasema hajaona kazi kama hiyo. Korongo alikwenda kuwaambia wale waliomshuku Nungunungu, nao wakatuma kumwomba radhi, kila mmoja kwa maneno yake. Nungunungu akachomoa mwiba mwingine.

Mfuko ukawa mwepesi. Vibuyu vilikuja vichache, lakini kila kimoja kilitazamwa, na maneno yakarudi kuwa marefu.

Mvua zilipokaribia, Korongo alimletea Nyamizi kibuyu kidogo kilichokwanguliwa vibaya, kimetoboka pembeni. Katikati yake palikuwa na kitu kirefu chenye miguu, au mikia, haikujulikana. Nyamizi alikigeuza juu chini. Hakukielewa. Akatuma kuuliza ni nini.

Jibu lilikuja upesi kuliko jibu lolote alilowahi kupata kutoka ukingo ule wa mto. Nguchiro alisema, "Ni mama yangu, dada Nyamizi. Alikuwa akisimama kwa miguu ya nyuma juu ya kichuguu, ananitafuta nilipochelewa. Miguu ndiyo imenishinda."

Nyamizi alikitazama tena, na kweli akamwona: mama amenyoosha shingo, masikio mbele, ana wasiwasi. Akapasha msumari wake moto, akachora kwenye kibuyu kitupu mguu mmoja wa nyuma, mmoja tu, akampa Korongo apeleke. Nungunungu alipokiona njiani alisema goti limekaa juu mno, akachora lake. Mama Kakakuona akasema wote wawili wamekosea, hawajawahi kumtazama nguchiro akisimama. Wakabishana juu ya mguu ule mpaka mvua zikaanza, na Nguchiro akawa anasimama mbele ya kila mgeni aliyepita, amwonyeshe goti lake liko wapi.

Basi wao wakabaki na ubishi wao, wakifurahi, nami hadithi yangu naitua hapa, nimechoka kuibeba.