Hodi ya Mwanamize

Paukwa!

Pakawa!

Pakawa dimbwi, huku ukingo na kule ukingo. Aliye katikati atavukaje?

Hapo kale, wadudu walipokuwa wakibishiana hodi kama sisi, waliishi Sisimizi wawili: Mishi na mdogo wake Mwanamize. Waligombania punje moja ya mtama, wakanuniana hata salamu wakanyimana. Punje yenyewe ililiwa na kuku.

Siku moja Mwanamize alipanda juu ya jani, jani likaangukia dimbwini. Likatulia katikati, likaanza kulowa. Kuogelea hajui, na jani linazama.

Chura akaruka majini, pwa! Wimbi akaja.

"Ewe Wimbi uendaye ukingoni, nichukue."

Wimbi akamwinua, akamshusha, akaenda zake. Mwanamize yupo palepale. Pwa! Akapanda, akashuka, palepale. Pwa! Akapanda, akashuka, palepale. Akalia kwa hasira, akamwita Wimbi mwongo.

Wimbi akamjibu, "Mimi si mchukuzi, mama. Hata maji haya sikuja nayo. Nimeyakuta hapa, na hapa nayaacha. Mimi ni tarishi. Nipe neno, nitalifikisha. Mzigo utafutie wenye mabega."

Mwanamize akawaza. Ukingoni kuna nani? Kuna Mishi tu, mlango wake uko kando ya maji. Akaona haya, lakini haya haizuii jani kuzama. Akapiga maji kwa mguu, akangoja kama mgeni mlangoni. Akapiga tena, akangoja. Akapiga mara ya tatu, akanyamaza, kwani hodi ni tatu; isipoitikiwa, mgeni hurudi alikotoka. Naye hakuwa na pa kurudi.

Kule ng'ambo, maji yakagusa kizingiti cha Mishi. Akasema ni upepo. Yakagusa tena, akasema ni Chura. Yakagusa mara ya tatu, kisha kimya. Mishi akaacha kutwanga. Upepo hauna adabu ya kungoja, na Chura hajui kuhesabu. Moyo ukamwambia ni nani.

Akatoka mlangoni, akaitikia. "Karibu, mdogo wangu."

Yeye na wanawe wakasukuma bua la nyasi mpaka likafika kwenye jani. Mwanamize akavuka juu yake, na nyuma yake jani likazama.

Basi wanangu, Wimbi hupeleka habari. Wa kukuvusha ni ndugu. Ukibishiwa hodi na uliyemnunia, usingoje ya nne.

Hadithi yangu imefika ukingoni, utamu wake gawaneni. Mnamuulizia yule kuku? Nilimla mimi, mfupa nimewawekea.